Tarehe Isiyo Sahihi kwenye Majina ya Mafaili: Utatuzi wa Matatizo ya Ujenzi wa Programu Unaojiendesha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa programu wa Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani ambao wameiachia mashine kazi ya kujenga programu zao, yaani kuugeuza msimbo kuwa faili la kusakinishwa, na wanataka kila faili linalotoka liwe na tarehe ya siku lilipojengwa. Matatizo yaliyokusanywa hapa ni yale yanayojirudia. Mfano utakaotumika ni programu ya mizani ya makarani wa vituo vya kukusanyia parachichi huko Rungwe na Njombe: usiku seva hujenga toleo jipya, hulifunga kwenye faili linaloitwa mizani-2025-03-14.zip, na asubuhi faili hilo huchukuliwa kwa intaneti au hupelekwa Tukuyu kwa flashi ndani ya basi. Karani hasomi msimbo wala logi. Husoma jina la faili. Jina likiwa na tarehe ya uongo, atasakinisha toleo la zamani akidhani ni jipya, na hesabu za kilo zitakazoharibika ni za mkulima.

Kabla ya kurekebisha chochote, fanya ukaguzi mmoja. Kwa muda tu, weka ndani ya kazi yenyewe ya ujenzi mstari unaoandika kwenye logi saa ya mashine, saa ya UTC (saa ya kimataifa ambayo kanda zote za saa huhesabiwa kutoka kwayo) na jina la mtumiaji anayeiendesha kazi hiyo. Kwenye Linux amri tatu zinatosha:

date
date -u
whoami

Ukaguzi huu usifanyike kwenye dirisha la amri ulilolifungua kwa mkono wako. Dirisha lako lina mipangilio yako, lugha yako na ukanda wako wa saa, ilhali kazi inayojiendesha mara nyingi huendeshwa na mtumiaji mwingine asiye na hata kimoja kati ya hivyo. Mafundi wengi hutafuta kosa mahali ambapo halipo kwa sababu hiyo tu.

Faili lililojengwa usiku lina tarehe ya jana

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Mabadiliko mapya yamo ndani ya faili, kazi imefanyika baada ya usiku wa manane, lakini jina lina tarehe ya siku iliyotangulia.

Sababu ya kwanza kuitazama ni ukanda wa saa. Seva za kukodi na makontena mengi, yaani mazingira madogo yaliyotengwa ambamo programu huendeshwa, huhesabu kwa UTC, na Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima, kwa kuwa hapa kwetu saa hazisogezwi kwa misimu. Kwa hiyo chochote kinachojengwa kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku kwa saa zetu kitapewa tarehe ya jana. Saa 8 usiku ya kuamkia Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, mjini Mbeya, kwenye seva ilikuwa bado ni Alhamisi tarehe 13, saa 23:00. Ushahidi wake ni mwepesi: kazi za mchana hazina kosa, za usiku ndizo zenye kosa. Tiba ni kutaja ukanda waziwazi mahali tarehe inapochukuliwa:

TAREHE=$(TZ=Africa/Dar_es_Salaam date +%F)

Kwenye PowerShell, ambako Windows ina majina yake ya kanda, amri ni hii:

[System.TimeZoneInfo]::ConvertTimeBySystemTimeZoneId((Get-Date), 'E. Africa Standard Time').ToString('yyyy-MM-dd')

Wapo wanaobadilisha ukanda wa saa wa seva nzima ili kutibu jina la faili moja. Usifanye hivyo. Seva hiyo huenda ina hifadhidata, logi na ratiba nyingine zinazotegemea UTC, na kosa dogo la jina litageuka kuwa kosa la mahesabu mahali usipopatazama.

Ikiwa umeshataja ukanda na tarehe bado ni ya jana, tazama kontena lako. Picha ndogo za kontena kama za Alpine huja bila orodha ya kanda za saa, na ukitaja Africa/Dar_es_Salaam hazilalamiki; hurudi UTC kimyakimya. Endesha amri ifuatayo ndani ya kontena:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam date +%z

Jibu likiwa +0000 badala ya +0300, orodha haimo. Ongeza kifurushi cha tzdata kwa apk add --no-cache tzdata, au andika TZ=EAT-3, ambayo haihitaji orodha yoyote. Alama ya kutoa hapo haikukosewa. Kanuni ya zamani ya POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, huhesabu saa ngapi ziongezwe kwenye saa ya mahali ili kuifikia UTC, kwa hiyo sisi tulio mashariki huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiandika EAT+3 utakuwa umerudi nyuma saa 6 kamili, na kosa litaanza saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, yaani litakuwa kubwa kuliko lile ulilokuwa ukilitibu.

Sababu ya tatu haimo kwenye mashine, imo kwenye mazungumzo. Msimamizi anaposema toleo lijengwe saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, wenzake wote wamemwelewa, lakini anayeandika ratiba anapaswa kufanya tafsiri mbili kwa pamoja: kutoka saa zetu kwenda saa za mashine, na kutoka usiku wetu, unaohesabiwa pamoja na siku inayokucha, kwenda siku ya mashine, inayobadilika usiku wa manane. Hapo ndipo huonekana ratiba zilizoandikwa 8 badala ya 2, au Alhamisi saa 2 badala ya Ijumaa saa 2, kosa ambalo huiwahisha kazi kwa siku nzima. Kwenye mashine iliyo kwenye saa za Afrika Mashariki, ratiba sahihi ya cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, ni ya kwanza hapa chini. Kwenye mashine ya UTC ni ya pili:

0 2 * * 5
0 23 * * 4

Ukiiweka ile ya kwanza kwenye mashine ya UTC, kazi itaanza saa 11 alfajiri. Juu ya kila ratiba andika maelezo ya mstari mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, kwa mfano «saa 8 usiku wa kuamkia Ijumaa, saa za Mbeya», ili atakayekuja baadaye asilazimike kubahatisha ulichokusudia.

Wanaotumia Maven, chombo cha kujenga programu za Java, wana sababu yao ya pekee. Thamani ya maven.build.timestamp hutolewa kwa UTC, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha ukanda. Tumia programu-jalizi ya build-helper-maven-plugin, kipengele cha timestamp-property, ambacho kinapokea ukanda wa saa kupitia timeZone.

Jina lina vipande visivyoeleweka, au folda mpya imezuka

Lalamiko hili hutoka karibu kila mara kwa wanaotumia faili la amri la Windows, lile lenye kiambishi cha bat. Skripti ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya aliyeiandika, na ilipohamishiwa kwenye kompyuta nyingine ikatoa jina kama mizani--3/-02.zip, au ikadai kwamba njia ya faili haipo.

Chanzo ni kukata tarehe kwa kuhesabu nafasi za herufi. Kigeu cha %DATE% hakina umbo moja. Hufuata mipangilio ya eneo ya mtumiaji anayeendesha kazi. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani hutoa Fri 03/14/2025, na yenye mpangilio wa Uingereza hutoa 14/03/2025. Skripti inayosema %date:~10,4% inatafuta mwaka kuanzia nafasi ya kumi. Kwa umbo la Marekani itaupata. Kwa umbo la Uingereza, ambalo lina herufi kumi tu, haitapata chochote, na kipande cha mwezi, %date:~4,2%, kitakuwa tarakimu 3 ikifuatwa na mkwaju. Mkwaju huo ndio unaofanya Windows idhani kuna folda.

Ukaguzi mwepesi ni kuandika echo %DATE% ndani ya kazi na kulinganisha na kile unachokiona kwenye dirisha lako. Wengi wakishaona tofauti hukimbilia kubadilisha mipangilio ya eneo ya kompyuta, na kosa hupona hadi siku kompyuta itakapobadilishwa au mtumiaji mwingine atakapopewa kazi hiyo. Tiba ya kudumu ni kuacha kabisa kukata herufi na kuomba umbo unalolitaka:

for /f %%i in ('powershell -NoProfile -Command "Get-Date -Format yyyy-MM-dd"') do set TAREHE=%%i

Ndani ya faili la bat alama ya asilimia huandikwa mara mbili kama inavyoonekana hapo. Ukijaribu mstari huohuo moja kwa moja kwenye dirisha la amri, iandike mara moja. Skripti nyingine za zamani hutumia wmic os get LocalDateTime, ambayo ilikuwa njia nzuri kwa miaka mingi kwa sababu umbo lake halifuati eneo. Hata hivyo, Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiji na wmic ikiwa imewekwa tayari, kwa hiyo skripti iliyonyamaza ghafla baada ya kompyuta kubadilishwa au kusasishwa ichunguzwe kwanza hapo.

Ikiwa tarehe ni nzuri lakini saa ndiyo inayoharibu jina, na kosa hutokea kwenye kazi zinazojengwa kabla ya saa 4 asubuhi tu, tazama %TIME%. Saa yenye tarakimu moja hutanguliwa na nafasi tupu badala ya sifuri, na nafasi hiyo hukata jina katikati. Mstari wa set SAA=%TIME: =0% hujaza sifuri mahali pa nafasi.

Simama hapa ikiwa kompyuta inayojenga ndiyo hiyohiyo yenye programu ya uhasibu au ya risiti. Kubadilisha mipangilio ya eneo kwenye kompyuta ya namna hiyo hubadilisha jinsi programu nyingine zinavyosoma tarehe na nukta za desimali, na kazi hiyo haipaswi kufanywa bila mtu anayeisimamia programu hiyo kuwapo.

Tarehe haipo kabisa, au maandishi ya amri yameingia kwenye jina

Majina mawili huletwa kwa pamoja: mizani-.zip na mizani-$(date +%F).zip. Yanafanana kwa uchungu, lakini yana vyanzo tofauti.

Jina lenye maandishi ya amri linaonyesha kwamba hakuna ganda la amri (programu inayosoma na kutekeleza amri, kama bash) lililoisoma amri hiyo. Aghalabu mtu ameiandika kwenye sehemu ya vigeu ya faili la YAML (faili la mipangilio), ambako GitLab na GitHub Actions, huduma za ujenzi unaojiendesha, huhesabu maandishi kuwa maandishi tu. Ihamishie kwenye hatua inayoendesha amri. Sababu nyingine ni alama za kunukuu za mstari mmoja, ambazo huzuia ganda lisifungue kilichomo ndani. Tumia za mistari miwili.

Jina lenye pengo lina sababu nyingi zaidi. Kwenye GitHub Actions kila hatua hupata ganda lake jipya, kwa hiyo thamani iliyowekwa kwa export kwenye hatua moja haifiki hatua inayofuata. Ipeleke hivi:

echo "TAREHE=$(TZ=Africa/Dar_es_Salaam date +%F)" >> "$GITHUB_ENV"

Thamani hiyo itaonekana kuanzia hatua inayofuata, si kwenye hatua hiyohiyo iliyoiandika.

Ndani ya Makefile (faili la maagizo la chombo cha ujenzi kiitwacho make), $(date +%F) si amri bali ni jina la kigeu cha make ambacho hakipo, na kigeu kisichopo hutoa utupu bila kulalamika. Juu ya faili andika TAREHE := $(shell date +%F); ndani ya maagizo, ikiwa ni lazima, andika $$(date +%F). Kwenye faili la bat, kigeu kilichowekwa ndani ya mabano ya if au for husomwa kabla mabano hayajaanza kutekelezwa, na kwa hiyo huwa tupu mara ya kwanza na huwa na thamani ya zamani mara ya pili kwenye dirisha lilelile. Weka setlocal EnableDelayedExpansion juu ya skripti na uandike !TAREHE! badala ya %TAREHE%.

Cron ina mtego wake, na unastahili aya yake kwa kuwa huwapoteza hata waliozoea. Kwenye mstari wa crontab, alama ya asilimia humaanisha mwisho wa mstari. Amri nzima huishia hapo, na kinachobaki hupelekwa kwa programu kama maandishi ya kusoma. Amri iliyojaribiwa kwa mkono ikafaulu, kisha ikashindwa kila usiku ikilalamikia mabano yasiyofungwa, ina tatizo hili. Tanguliza mkwaju wa nyuma, yaani \%, au, jambo ambalo ni bora, weka amri zote ndani ya faili la skripti na uache cron iite faili hilo tu.

Tarehe ni ileile kila siku

Kazi inafanyika, mabadiliko yanaingia, lakini jina limeganda kwenye tarehe ya wiki iliyopita. Anza na swali hili: tarehe ilichukuliwa lini? Ikiwa imewekwa kwenye mazingira ya mtumiaji, kwa mfano kwenye .bashrc au kwenye mipangilio ya huduma inayoendesha kazi, ilichukuliwa siku huduma ilipowashwa na haitabadilika hadi izimwe na kuwashwa tena. Dalili yake ni kwamba tarehe hujirekebisha kila umeme unapokatika na kurudi, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba tatizo limekwisha.

Kwa wanaojenga kwa Docker, programu ya kutengeneza makontena, mshukiwa ni kache, yaani matokeo ya awali yaliyohifadhiwa ili yatumike tena. Mstari wa RUN date > /tarehe.txt hautekelezwi tena ikiwa hakuna kilichobadilika kabla yake, kwa sababu Docker hutazama maandishi ya amri na si matokeo yake. Pitisha tarehe kutoka nje kwa ARG na --build-arg, na uiweke ARG hiyo karibu na mwisho wa faili. Ikikaa juu, kila siku mpya itavunja kache ya amri zote za RUN zilizo chini yake na utapakua vifurushi vyote upya, gharama ambayo mwenye intaneti ya vifurushi vya simu ataiona mara moja. Gradle nayo, chombo kingine cha ujenzi, ukiwasha kache ya usanidi, huhifadhi tarehe iliyosomwa wakati wa usanidi. Kwa wanaojenga kwa C, __DATE__ hubadilika pale tu faili lenye neno hilo linapojengwa upya. Faili lisiloguswa hubaki na tarehe yake ya zamani.

Mwezi wa 47, siku ya 73, na mwaka ambao haujafika

Herufi za umbo la tarehe hutofautisha kubwa na ndogo, na kila lugha ina sheria zake. Kwenye Java na .NET, MM ni mwezi na mm ni dakika. Kwenye amri ya date ni kinyume, %m ni mwezi na %M ni dakika. Mwezi unaozidi 12 hauna maelezo mengine. Kwenye Java, DD huhesabu siku tangu mwaka uanze, kwa hiyo tarehe 14 Machi 2025 hutoka 2025-03-73. Na %D ya amri ya date hutoa 03/14/25 yenye mikwaju, ambayo huzaa lile kosa la folda lililoelezwa juu.

Kosa baya zaidi kwenye kundi hili ni la mwaka, kwa kuwa hulala karibu mwaka mzima. YYYY kwenye Java na %G kwenye date si mwaka wa kalenda. Ni mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa kwake. Tarehe 29, 30 na 31 Desemba 2025 ziliangukia wiki ya kwanza ya mwaka 2026 kwa hesabu ya ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, kwa hiyo skripti yenye %G ilitoa 2026-12-29. Kisha tarehe 1 Januari 2027 itaangukia wiki ya 53 ya mwaka 2026. Skripti inaweza kupita majaribio yote ya Machi na Agosti, halafu ikakosea katika siku ambazo fundi yuko kijijini kwa sikukuu. Tumia yyyy na %Y, na ufanye jaribio kwa tarehe uliyoichagua:

date -d 2025-12-29 +%G-%m-%d
date -d 2025-12-29 +%Y-%m-%d

Kwenye PowerShell, YYYY kwa herufi kubwa haimaanishi chochote na huandikwa ilivyo, ambalo angalau ni kosa linaloonekana.

Faili halikubali kunakiliwa kwenye flashi

Hapa sababu ni moja: nukta pacha ndani ya saa. Linux inalikubali jina kama mizani-2025-03-14T09:30.zip, lakini flashi zenye mfumo wa FAT32 au exFAT hulikataa. Kwenye Windows hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa programu nyingine haitoi kosa bali huacha faili lenye ukubwa wa sifuri linaloitwa mizani-2025-03-14T09, na yaliyomo hufichwa kwenye mkondo wa pembeni wa faili hilo. Hata ndani ya Linux, tar na scp huona nukta pacha na kudhani kilichotangulia ni jina la kompyuta nyingine. Ndiyo maana tar hulalamika kwamba haikuweza kuunganishwa. Andika saa bila alama, kwa +%Y-%m-%d-%H%M, na tatizo litakwisha. Umbo la mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, lina faida nyingine: orodha ya mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe, jambo ambalo 14-03-2025 haliwezi.

Toleo la jioni limelifuta la asubuhi, au mafaili ya kazi moja yana tarehe mbili

Tarehe peke yake haitofautishi kazi mbili za siku moja. Ongeza namba ya kazi, ambayo mifumo yote mikubwa inayo: BUILD_NUMBER kwenye Jenkins, GITHUB_RUN_NUMBER kwenye GitHub Actions, CI_PIPELINE_IID kwenye GitLab. Skripti za zamani za Jenkins zilizotegemea BUILD_ID kuwa na tarehe zilipoteza tarehe hiyo tangu toleo la 1.597, ambapo BUILD_ID ilifanywa kuwa sawa na namba ya kazi.

Mafaili ya kazi moja yakitofautiana tarehe, kazi ilivuka usiku wa manane huku tarehe ikichukuliwa upya katika kila hatua. Kwenye Makefile hutosha kuandika = badala ya := ili jambo hili litokee. Chukua tarehe mara moja mwanzoni na uipitishe kwa kila hatua. Kwa maoni yangu hii ndiyo kanuni ya kuanza nayo katika skripti yoyote, hata ya kazi ya dakika mbili, kwa sababu kazi hurefuka.

Wengine hujaribu kutatua mgongano kwa kuifanya tarehe iwe namba ya toleo. Hapo kuna ukuta. Umbo la yyMMddHHmm kwa 14 Machi 2025 ni 2503140930, ambayo inazidi 2147483647, kikomo cha namba kamili ya biti 32. Tarehe 1 Januari 2022 seva za barua za Microsoft Exchange zilikwama kupeleka barua kwa sababu hii hasa: toleo la kichunguza-virusi lilikuwa 2201010001. Google Play nayo haipokei namba ya toleo inayozidi 2100000000. Tarehe ibaki kwenye jina kwa ajili ya macho ya watu, na namba ya toleo iwe namba inayopanda moja moja.

Tarehe ni ya miaka mingi iliyopita

Ikiwa ni tarehe 1 Januari 1970, mahali fulani thamani ya sifuri imesomwa kama wakati. Kwanza tazama SOURCE_DATE_EPOCH, ambayo huwekwa na wanaotaka ujenzi wa msimbo uleule utoe mafaili yanayolingana kila biti. Ikiwa ni sifuri, ipe wakati wa badiliko la mwisho kwenye Git, inayotunza historia ya msimbo:

export SOURCE_DATE_EPOCH=$(git log -1 --pretty=%ct)

Ikiwa ni tarehe nyingine ya zamani na kompyuta ni ya ofisini, betri ya saa imekwisha nguvu. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni ile ya duara ya CR2032. Kompyuta yenye betri mbovu husahau tarehe kila umeme unapokatika, na intaneti ikichelewa kurudi, kazi ya kwanza hufanyika kabla saa haijasahihishwa. Dalili zinazoambatana nayo ni tovuti kukataliwa kwa madai kwamba cheti hakijaanza kutumika, na make kuonya kwamba mafaili yana tarehe ya wakati ujao. Kompyuta ya mezani iliyochomolewa kwenye umeme hubadilishwa betri kwa dakika chache. Kompyuta mpakato ambayo betri hiyo imeunganishwa kwa waya chini ya ubao mkuu mpelekee fundi.

Tofauti ya saa 3 kamili kwenye kompyuta yenye Windows na Linux kwa pamoja haitokani na betri. Windows huiweka saa ya ndani kwa saa za hapa, Linux huisoma kama UTC, na hivyo Linux huenda mbele kwa saa 3 na kuandika tarehe ya kesho kuanzia saa 3 usiku. Amri ya timedatectl itaonyesha hali hiyo, na timedatectl set-local-rtc 1 itazipatanisha.

Simama umwite msimamizi ikiwa saa mbovu ni ya seva yenye hifadhidata ya malipo au ya mizani. Kuirudisha saa nyuma au kuipeleka mbele ghafla huku hifadhidata inaandika huvuruga mfuatano wa miamala, na hakuna jina la faili linalostahili hasara hiyo.

Hakuna faili la usiku fulani

Mashine ilikuwa imezimika. Cron hairudii kazi iliyopitwa; tumia anacron au kipima saa cha systemd chenye Persistent=true, na kwenye Windows washa chaguo la kuendesha kazi iliyopitwa mara tu inapowezekana. Faili litakalotoka saa 3 asubuhi litakuwa na tarehe ya asubuhi hiyo, na liachwe hivyo, kwa kuwa linabeba siku lilipojengwa na si siku lilipokusudiwa kujengwa.

Skripti ya usafi imefuta mafaili mapya

Zima ratiba ya skripti hiyo kabla ya kusoma mstari unaofuata, na usinakili chochote kwenye diski hiyo, kwa sababu kila kinachoandikwa hupunguza uwezekano wa kurudisha kilichofutwa. Ikiwa mafaili hayo hayapo popote pengine na hayawezi kujengwa upya kutoka kwenye msimbo, mwite mtaalamu wa kuokoa data sasa hivi, kabla ya jaribio lolote.

Ikiwa yanaweza kujengwa upya, tafuta sababu kwa utulivu. Mara nyingi skripti husoma tarehe kutoka kwenye jina, ikakutana na jina lenye kosa mojawapo kati ya yaliyoelezwa hapa, ikahesabu kwamba faili lina umri wa miaka. Mara nyingine hutumia -mtime +30, ambayo haitazami jina bali wakati faili lilipobadilishwa mwisho, na wakati huo unaweza kuwa wa zamani kwa faili lililofunguliwa kutoka kwenye kifurushi. Kabla ya kuiwasha tena, badilisha -delete iwe -print, iache iendeshe usiku mzima, na usome orodha iliyotoka kwa macho yako. Ongeza pia sharti kwamba mafaili matano ya mwisho hayafutwi, yawe na tarehe yoyote ile.